Wote walikuwa wamelewa?
Kaka, unauliza kama wote walilewa yeye na dada, mbona kijana peke yake ndo aitwe na kamati ya nidhamu kwa madai ya kufanya ngono na huyo dada bila ridhaa yake. Soma Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya 2006, kifungu cha 43, mtu aliyelala, aliyezimia au ambaye pombe imemvuruga fahamu au maamuzi anahesabika hawezi kukubali ngono, yaani kama ulimpandisha ngazi za hosteli unamshika kiuno na viatu vyake umebeba wewe hapo ulipata ruhusa gani jamani. Ila wanaosambaza picha ya kijana kwenye magrupu ya WhatsApp kabla hajasikilizwa wanakosea sana, apewe malalamiko kwa maandishi na muda wa kujitetea, na dada naye asiulizwe alivaa nini.