Nilisoma riwaya inayosimuliwa na mbwa siku chache baada ya kumzika wangu

Mkuu, pole sana. Umesema mbwa wako amekufa wiki mbili zilizopita, rafiki yako akakuletea The Art of Racing in the Rain akiamini kitakufariji, ukasoma kurasa mbili ukakifunga. Unauliza ukisome sasa au ukiweke kabatini mpaka mwakani. Wengi hapo juu wamekujibu kwamba ni mbwa tu, tafuta kitoto kingine. Mimi yalinikuta hayo hayo, na kitabu hicho hicho, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Mwenye haraka apite.

Mimi ni dereva wa watalii, naishi Moshi. Mbwa wangu aliitwa Popi. (Najua. Ukisimama Majengo ukaita Popi wanakuja watano.) Aliletwa 2014 ndani ya boksi la sabuni, akafa masika ya 2023. Masika wageni ni wachache, kazi ikija huikatai, kwa hiyo nilikuwa Serengeti. Siku ya pili mke wangu akapiga: Popi hali, amelala tu getini. Nikasema mpe maji, labda kala uchafu, nitarudi Jumamosi. Kule mtandao unakuja na kuondoka, na ukweli ni kwamba ulipokuja sikupiga.

Nilipofika Jumamosi jioni alitikisa mkia mara mbili bila kuinuka. Fizi zilikuwa zimepauka, mkojo kama chai ya rangi. Daktari wa mifugo akasema homa ya kupe, damu imeliwa, angeletwa siku zile za mwanzo tungeongea mengine. Akafa alfajiri ya Jumapili. Tulimzika chini ya mparachichi wa jirani, maana sisi ni wapangaji na hatuna ardhi ya kuzikia hata mbwa.

Jumatatu nikawa nasafisha gari. Kwenye mfuko wa nyuma ya kiti nikakuta kitabu wageni wamekisahau, picha ya mbwa juu ya jalada. Niliwaandikia kuwa kipo, wakajibu nikichukue. Ndivyo nilivyokipata.

Sasa kwa asiyekijua: ni riwaya ya Garth Stein, ilitoka 2008, na filamu yake ikaja 2019. Msimulizi ni mbwa aitwaye Enzo, anaishi Seattle na kijana dereva wa magari ya mashindano, Denny. Jina amepewa kwa heshima ya Enzo Ferrari. Wangu sijui amepewa kwa heshima ya nani.

Jambo la kwanza ulilokutana nalo ndilo lililokufanya ukifunge, nadhani. Kitabu hakikufichi. Ukurasa wa kwanza kabisa mbwa ameshazeeka, hawezi kusimama, amelala kwenye mkojo wake anamsubiri Denny arudi kazini. Mimi nilikifunga hapo hapo, nikaenda kukaa nje. Sufuria yake ya chakula ilikuwa bado iko pale pembeni ya tenki la maji, ina maji ya mvua. Nikarudi nikakifungua tena usiku, kwa sababu moja tu: kila mtu niliyemwambia kwamba mbwa wangu amekufa alibadilisha mazungumzo, na huyu mwandishi alikuwa tayari kuongelea jambo hilo kwa kurasa mia tatu.

Mbwa hana matanga. Akifa mtu hata usiyempenda sana, kuna mkeka, kuna chai, kuna wazee wa kukaa na wewe kimya, kuna daftari la michango. Unapewa ruhusa kazini. Mbwa aliyelala mlangoni pako miaka tisa akifa, kesho yake unatakiwa uwe na tabasamu uwanja wa ndege wa KIA umeshika kibao chenye jina la mgeni. Siku ile niliteleza ulimi mbele ya madereva wenzangu nikasema Popi "amefariki". Walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Mbwa hafariki, mkuu, mbwa hufa. Lugha yetu imeshaamua. Tena ukitaka kumtukana mtu vizuri unamwita mbwa, na mtu aliyekufa vibaya tunasema kafa kama mbwa.

Kwa hiyo nikawa nasoma kila usiku, na binti yangu wa miaka kumi na moja akataka kujua kuna nini. Kiingereza cha kitabu kilikuwa kikubwa kwake, nikawa namtafsiria kwa sauti, sura mbili au tatu, taa ikikatika tunamalizia kwa tochi ya simu. Ndipo nikagundua kitu. Kwa Kiingereza mnyama anaweza kuitwa "it", neno lile lile la meza na jiwe. Kwetu hapana. Popi amelala, baba amelala, ni "a" ile ile. Sikuhitaji kufanya lolote ili Enzo asikike kama mtu, sarufi ilishamfanya hivyo kabla sijafungua mdomo. Kilichokuwa kigumu ni "mimi". Binti akanikatiza usiku wa kwanza: "Baba, mbwa anajijua kwamba yeye ni mimi?" Nikamwambia tuendelee kusoma.

Hadithi zetu zimejaa wanyama wanaosema, Sungura na Fisi na Simba, lakini wanasema ili walaghaiane. Hakuna anayekaa chini akueleze moyo wake. Wenzetu wana desturi hiyo tangu zamani: Black Beauty ya 1877, farasi anajisimulia mwenyewe, na Beautiful Joe ya 1893, mbwa aliyekatwa masikio na mkia na bwana wake. Vile vilikuwa vitabu vya kuwaomba watu wasiwatese wanyama. Hiki cha Enzo hakikuombi huruma. Enzo anakuonea huruma wewe.

Na hapo ndipo nilipokasirika.

Kuna sura Denny yuko mbali kwenye mashindano. Mkewe, Eve, anaumwa, anaondoka na mtoto kwenda kwa wazazi wake, na katika maumivu yale anamsahau mbwa ndani ya nyumba. Siku zinapita. Hakuna chakula, anakunywa maji ya chooni, mpaka anaanza kumwona pundamilia wa kuchezea wa mtoto akiwa hai na kuwararua wanasesere wengine. Lawama zote anamtupia pundamilia. Niliposoma hapo sikumtafsiria binti. Nilimwambia nimechoka, tulale.

Nilikuwa nawaza: yule aliyelala getini siku nne akisikiliza kila gari, alikuwa na pundamilia gani wa kumtupia lawama? Na huyu mwandishi ni nani hata amwekee mbwa msamaha mdomoni? Binadamu ndiye anayetaka kusamehewa, binadamu ndiye anayeshika kalamu, halafu anatuambia mbwa amesema yameisha. Nilikiona kama kesi ambayo mshtakiwa ndiye aliyeandika hukumu.

Nilikaa siku tatu bila kukigusa. Kilichonirudisha ni jambo lililo mwanzoni zaidi, ambalo nililipita haraka mara ya kwanza. Enzo ananusa ugonjwa wa Eve kabla ya daktari yeyote. Ananusa kitu kinaoza kichwani mwake na hawezi kusema, kwa sababu ulimi wake haukuumbwa kwa maneno. Analalamika sana kuhusu huo ulimi. Nikajiona niko upande wa pili wa hadithi hiyo. Popi alisema kwa lugha aliyokuwa nayo. Alikataa chakula, alilala mahali asipolala, na mke wangu akanipigia akanitafsiria. Mwenye ulimi mzima na simu mkononi nilikuwa mimi.

Hilo kitabu hakikulifuta, na sasa nashukuru hakikulifuta. Ule msamaha wa Enzo nilimrudishia mwandishi, ni wake na watu wake. Nilichobaki nacho ni zile kurasa za kungoja na kunusa, ambazo zilinifanya nimkumbuke Popi mwenyewe. Siku za mwanzo nilikuwa nakumbuka Jumamosi ile tu, fizi na mkojo. Nikisoma Enzo anavyolijua gari la Denny kwa mlio, ikanijia jinsi Popi alivyojua Land Cruiser yangu ikiwa bado barabara kubwa, anasimama getini kabla mtu ndani hajasikia chochote, wakati gari ya jirani ni aina ile ile na hakuwahi hata kuinua sikio. Miaka tisa ikaanza kurudi nyuma ya ile siku moja.

Kama dereva niseme pia kwamba sehemu za mbio ni nzuri. Mwandishi mwenyewe ameshindana kwenye magari, inaonekana. Anajua kwamba kwenye maji breki inaweza kukuponza, na kwamba ukianza kuteleza macho yaende unakotaka gari liende, siyo kwenye mti unaouogopa. Mimi nilifundishwa hilo hilo kwenye tope jeusi la Ndutu na mzee asiyejua mashindano ya magari ni nini. Sehemu ya mahakamani, wakwe wanapogombea mtoto, ni ndefu na wale wakwe wamechorwa wabaya kupita kiasi, kama tamthilia ya saa mbili usiku. Iruke ukitaka, hutapotea.

Jambo lingine ujiandae nalo. Enzo ameona kwenye televisheni kwamba huko Mongolia wanaamini mbwa aliyekamilika, akifa, huzaliwa tena mtu. Analishikilia hilo kitabu kizima. Binti yangu alilipenda mno. Akampigia bibi yake Pangani kumuuliza kama ni kweli Popi atazaliwa mtoto.

Nikasikitika moyoni, maana mama yangu na mbwa ni mbali mbali. Alipotutembelea, sufuria ambayo Popi aliitia mdomo aliiosha mara saba, moja kwa udongo, kama alivyofundishwa. Mabaki ya wali alimrushia akiwa mlangoni, hakushuka ngazi. Niliogopa atamwambia mtoto najisi ile isizungumzwe tena. Akamwambia hapana mjukuu wangu, mbwa hazaliwi mtu, usiseme hivyo. Halafu akamsimulia As-habul Kahfi, wale vijana waliolala pangoni miaka mia tatu na mbwa wao kanyoosha miguu ya mbele mlangoni. Akamwambia watu walibishana walikuwa wangapi. Wengine walisema watatu na wa nne mbwa wao, wengine watano na wa sita mbwa wao, wengine saba na wa nane mbwa wao. "Hesabu ya watu hawakuelewana," mama akasema, "lakini mbwa kila mmoja alimhesabu." Simu ilikuwa kwenye spika. Nilitoka nje nikajifanya naangalia tairi.

Kwa hiyo, jibu langu: soma sasa, ila usikisome peke yako usiku kama nilivyoanza. Tafuta mtu wa kumsomea, hata mtoto, hata kwa kutafsiri vibaya. Mimi nilimaliza kwa usiku kama kumi na mbili, na kwa hesabu yangu hayo ndiyo yalikuwa matanga ya Popi: wawili tumekaa, chai ipo, mtu wa tatu anaongea habari za marehemu. Kama mbwa wako alikufa kwa uzee mikononi mwako, pengine kitakupita laini. Kama una jambo unalojilaumu, ile sura ya pundamilia itakuuma, na ukitaka kukitupa ukutani kitupe, kisha kiokote. Sura ya mwisho sitakusimulia. Nitasema tu mke wangu, ambaye hakuwa anasikiliza, alitukuta sote tunalia akauliza nani amekufa.

Na kwa wale wa "nunua mwingine": tumeshachukua. Jike, miezi saba sasa, wa kienyeji, na kila nikirudi safari kitu cha kwanza ni kumgeuza masikio na katikati ya vidole kutafuta kupe. Haimaanishi yule wa kwanza hakuwepo.

Mwingine yeyote anayekitaka na yuko Moshi au Arusha, naweza kumwazima cha kwangu. Kina madoa ya chai kuanzia katikati. Anirudishie tu kabla ya likizo ya Desemba, binti anataka tuanze upya, safari hii asome yeye.