Kuanza na kamera ya mkanda

Mdogo wangu, umeuliza ukianza na kamera ya mkanda, ile ya filamu ya picha, ujihadhari na nini. Ukishaweka mkanda ukaze kidogo, halafu angalia kile kinobu cha kurudishia mkanda, kule kushoto juu ya kamera, kila ukivuta mkanda kwenda picha nyingine lazima kizunguke, kisipozunguka ujue mkanda haujashika. Mi nilipiga picha 36 nzima, meli ya Liemba ikiwa bandarini Kigoma, bibi yangu pale Ujiji amejifunga kanga mpya, kumbe mkanda haujasogea hata kidogo na bibi mwaka uliofuata hakuufikia, mpaka leo inaniuma. Kwa hiyo wazee wapige picha mapema. Mkanda usiuache kwenye gari juani, joto linauharibu. Negativu, yaani mkanda wenyewe ukishasafishwa, chukua zote studio, zangu niliziacha zikatupwa. Ukikwama kuweka mkanda nambie nikuelekeze.