Keki vizibo viwili, "cake" kizibo kimoja

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha darasa la kwanza katika shule ya mchepuo wa Kiingereza, niliandika neno "cake" ubaoni nikawaambia watoto wahesabu silabi zake. Kila mmoja alikuwa na vizibo vya soda mezani, kizibo kimoja kwa kila silabi. Karibu darasa zima wakaweka viwili. Nikasema ni kimoja. Binti mmoja aliyekaa mbele akaniangalia, akagusa kizibo cha kwanza, "ke", akagusa cha pili, "ki".

"Ticha, viwili."

Alikuwa amehesabu neno analolijua kutoka nyumbani, na alilihesabu bila kukosea. Kosa lilikuwa langu. Wiki nzima nilikuwa nikiwaimbisha kwamba kila irabu ni silabi moja. Kwa Kiswahili kanuni hiyo inakufikisha mbali sana. Kwa Kiingereza inamwangusha mtoto kwenye neno la kwanza.

Tangu siku ile nafundisha silabi za Kiingereza bila chaki. Mtoto wetu haji darasani akiwa mtupu: ameshaimba ba, be, bi, bo, bu mpaka amechoka, na kukata "kalamu" vipande vitatu kwake ni mchezo. Kinachomponza ni kuyaamini maandishi ya Kiingereza kama anavyoyaamini ya Kiswahili. "Strength" ina herufi nane na silabi moja. "Area" ina herufi nne tu, na silabi tatu. Ukimwonyesha neno kabla hajalisikia, atahesabu anachokiona. Kwa hiyo anza na vitu au picha: kijiko, mlango, ndizi. Maandishi yatakuja baadaye.

Mimi huanza na majina ya watoto wenyewe, Juma viwili, Rehema vitatu, kisha nahamia siku za wiki, kwa sababu hapo kuna jambo zuri ambalo watu wengi hawajaligundua. Chukua vizibo uhesabu: Ju-ma-mo-si, Ju-ma-pi-li, Ju-ma-ta-tu, Ju-ma-n-ne, Ju-ma-ta-no, Al-ha-mi-si, I-ju-ma-a. Zote saba zina silabi nne. Sasa zisome kwa Kiingereza: zote zina mbili, isipokuwa moja. Waache watoto waitafute wenyewe. Wakifika "Saturday" na kukuta tatu, darasa zima hulipuka kwa furaha. Na "Wednesday", ambayo kwa macho inaonekana kama tatu, wameshaipa vizibo viwili kwa sikio kabla maandishi hayajawachanganya.

Kazi kubwa iko kwenye maneno tuliyoyachukua Kiingereza tukayavika irabu zetu: basi na "bus", shati na "shirt", balbu na "bulb", soksi na "socks", tiketi na "ticket". Kiswahili hupenda silabi iishe kwa irabu, na mtoto anayesema "basi" kila siku ataongeza "i" kwenye "bus" bila kujua. Usimwambie amekosea. Weka maneno yote mawili mbele yake kama ndugu wawili, umwombe ayatamke kwa zamu. Kwenye "basi" mdomo unamalizia wazi. Kwenye "bus" ulimi unabaki pale pale kwenye "sss", hakuna kinachofuata. Kwenye "bulb" midomo inafunga na inabaki imefunga. Mimi huweka kidole mdomoni mwangu kuonyesha kwamba neno limeishia hapo. Jozi tano zinatosha kwa siku moja, na naamini zinafanya kazi kuliko kurasa kumi za zoezi, kwa sababu mtoto anazisikia lugha zake mbili zikitengana.

Makofi ni mazuri, lakini yaangalie. Darasa likipiga makofi polepole, "bread" inageuka "be-re-di" na "milk" inakuwa "mi-li-ki", na hesabu inaharibika hata kama mtoto anajua. Tamkeni neno zima mara tatu kwa mwendo wa kawaida, ndipo mpige makofi. Wengine hufanya vizuri zaidi wakiweka mkono chini ya kidevu: kila silabi, mdomo unafunguka na kidevu kinausukuma mkono. "Banana", mara tatu. Hata mtoto anayeona aibu kupiga makofi vibaya mbele ya wenzake anaweza kufanya hivi kimya kimya.

Ila kidevu hakisemi kila kitu. "Mtu" ina silabi mbili, na kwenye "m" kidevu hakishuki. Kiingereza nacho kina sauti za namna hii mwishoni mwa maneno kama "table", "apple" na "little". Mwambie mtoto kwamba ile "l" ya mwisho imesimama peke yake, kama "m" ya "mtu". Nimewahi kuona sura za watoto zikibadilika hapo hapo. Lugha yao imewapa ufunguo wa jambo gumu la Kiingereza.

Yale ya "jumped" kuwa moja na "wanted" kuwa mbili yaache mpaka darasa la pili au la tatu. Wakati huo ukifika, waambie wasikilize herufi inayotangulia "-ed": baada ya "t" au "d", ulimi hauwezi kurudia pale pale bila kupitia irabu, kwa hiyo silabi inaongezeka.

Na kwa walimu wenzangu, naomba jambo moja kwa moyo wote. Mtoto akikupa "chocolate" silabi mbili, usimwekee mkasi wa kosa. Akikupa tatu, usimwekee pia. Wenyewe wenye lugha hutamka kwa namna zote mbili, na ndivyo ilivyo kwa "family"; "vegetable" nayo huwa tatu au nne. Nimeshuhudia mtoto akilia kwa alama iliyokatwa kwenye neno la aina hii, wakati alikuwa amesikiliza vizuri kabisa. Maneno kama hayo yasiwekwe kwenye mtihani wa watoto wa miaka sita.

Nyumbani, dakika tano zinatosha, tena bila daftari. Mkiwa kwenye daladala, mwulize: "window" ngapi? "Driver" ngapi? "Conductor" je? Akichoka, acha. Kesho mtapanda tena.