Ukitaka Kuwasoma Zamadamu, Anzia Maabara ya Anatomia

Vijana wanaotaka kuwa watafiti wa zamadamu, yaani mababu wa kale wa binadamu na jamaa zao, huniuliza kwanza habari za uchimbaji: nitaingiaje kwenye timu ya Oldupai, Tanzania, nani atanichukua Hadar, Ethiopia? Nami huwauliza: umewahi kuupasua mkono wa maiti ukafuata msuli mmoja mpaka pale unaposhika mfupa? Kisukuku, yaani mfupa wa kale uliogeuka jiwe, hakina msuli. Kina kinundu hapa, mfuo pale. Asiyeujua msuli wenyewe hawezi kuzisoma alama ulizoacha.

Raymond Dart alikuwa profesa wa anatomia Johannesburg, akifundisha wanafunzi wa udaktari, fuvu la kale la mtoto lililopatikana Taung, Afrika Kusini, lilipomfikia mwaka 1924. Alikuwa amesomea ubongo, kwa hiyo umbo la ubongo lililogeuka jiwe ndani ya fuvu hilo lilimwambia mengi. Akaona pia kwamba tundu la chini ya fuvu, unapopitia ugwe wa neva unaotoka kwenye ubongo kwenda mgongoni, limesogea mbele kuliko la sokwe. Kwa hiyo akasema mwenye fuvu hilo alitembea wima. Alipochapisha hoja hiyo mwaka 1925, wakubwa wengi wa fani waliikataa. Ilipita miaka zaidi ya 20 kabla Wilfrid Le Gros Clark, naye mwanaanatomia, hajasafiri Afrika Kusini kuyakagua mafuvu kwa macho yake na kukubali kwamba Dart alikuwa sahihi. Nawasimulia kisa hiki kwa sababu ya ile safari: mabishano yalikuwa marefu, na aliyeyasogeza alikwenda kuishika mifupa yenyewe.

Chagua kiungo kimoja ukijue kuliko mtu yeyote. Mimi nilichagua goti, na sijawahi kulichoka. Mfupa wa paja la binadamu huinama kuelekea ndani, magoti yakakaa karibu chini ya mwili. Wa sokwe umenyooka. Mtoto mchanga hana mwinamo huo. Huupata anapoanza kutembea, na mtoto ambaye hakuwahi kutembea haupati. Kwa hiyo goti lililookotwa Hadar mwaka 1973, la miaka zaidi ya milioni 3, lilipoonyesha mwinamo, lilikuwa linasimulia maisha ya mwenyewe, hatua alizopiga tangu utotoni. Hilo nililielewa vizuri nikiwafundisha madaktari wa watoto.

Ndiyo maana nakushauri usiuone ualimu kama mzigo. Ajira nyingi za wanaanatomia ziko vyuo vya udaktari; utafiti wa zamadamu mara nyingi utaufanya likizo. Vipindi ni vingi, vinachosha kweli. Lakini kila mwaka unapita mikononi mwako miili isiyofanana, na hapo ndipo unapojua binadamu wanatofautiana kiasi gani. Ukikosa ujuzi huo, kila mfupa mpya utauita spishi mpya. Tazama sokwe wakubwa, gorila: dume ana ukingo mkubwa utosini ambao jike kwa kawaida hana, na asiyewazoea angeweza kuwaita spishi mbili.

Hatua ya kwanza haina gharama kubwa. Mwandikie mhifadhi wa mifupa wa makumbusho iliyo karibu nawe. Usimwombe “kuona mkusanyiko”. Mwambie ni mfupa gani, wa wanyama gani, utapima nini na kwa muda gani. Pima kila mfupa mara mbili, siku tofauti, bila kutazama vipimo vya kwanza.