Kidomozi wa kahawa ya kivuli: kumtambua Leucoptera caffeina na kumwandikia rekodi inayosimama

Mkuu, umeuliza kama nondo mdogo mweupe uliyempiga picha kihambani (shambani karibu na nyumba), kwenye mibuni iliyo chini ya migomba, ni Leucoptera caffeina, na kama picha hiyo inatosha kumwandikia rekodi. Haitoshi. Vidomozi weupe wa kahawa, yaani nondo ambao viwavi wao huishi na kula ndani ya jani, wakishakuwa nondo wanafanana mno: urefu wa takriban mm 3, mabawa meupe ya kumeta, alama nyeusi nchani. Ushahidi uko kwenye jani, tena kwenye mayai kabla ya kitu kingine chochote.

Wa kutenganishwa kwanza ni wawili. Leucoptera meyricki ndiye anayekutwa sana, hasa kwenye kahawa iliyo juani. L. caffeina hupenda kahawa yenye kivuli, na huandikwa kwa nadra kwa sababu wengi wakiona baka la kahawia, yaani sehemu ya jani iliyoliwa ndani na kiwavi, huandika "kidomozi" na kupita. Jike wa meyricki hutaga mayai yaliyotawanyika upande wa juu wa jani, yasiyogusana. Jike wa caffeina huyapanga safu kandokando ya mshipa mkuu, kila yai likigusana na jirani yake. Safu hiyo ndiyo unayoitafuta.

Bahati ni kwamba safu haipotei mayai yakianguliwa. Kiwavi hatoki kwa juu akatembea. Hutoboa chini ya yai akaingia moja kwa moja ndani ya jani, na ganda tupu hubaki limenata palepale. Kwa hiyo hata baka lililokwisha kuhamwa linaweza kukupa jibu. Geuza jani ili mwanga uje kwa ubavu, weka lenzi ya mara 10 karibu kabisa na jicho, sogeza jani mpaka lionekane vizuri, kisha fuata mshipa mkuu kutoka kwenye kikonyo hadi nchani. Maganda ni vijidoa vyeupe vya duara dufu vilivyobanana. Jani likiwa na vumbi, lipulize tu. Ukilifuta kwa kidole maganda yatabanduka, na hapo rekodi yako itaishia kwenye Leucoptera bila jina la spishi.

Ukubwa wa baka usikudanganye. Viwavi wa meyricki wakiwa wengi kwenye jani moja, mabaka yao huungana yakawa baka moja kubwa. Baka linaloanzia kwenye mshipa mkuu na kutanuka kuelekea ukingoni linafaa kukufanya uangalie tena, lakini bila maganda ya mayai si ushahidi. Pia usisahau kwamba spishi zote mbili zinaweza kukutwa shamba moja, hasa pale kivuli kinapoishia na jua kuanza.

Kabla ya yote hayo, hakikisha kweli ni kidomozi wa jamii hii. Kunja jani mahali penye baka: ngozi ya juu itapasuka, na baka likiwa bichi utaona viwavi vyeupe ndani, vyenye kichwa dhahiri. Doa la ugonjwa wa Cercospora huwa na kitovu cha kijivu na ukingo wa wekundu wa kahawia, ila ndani hakuna uwazi. Kutu ya majani huacha unga wa rangi ya chungwa upande wa chini. Ukikuta njia nyembamba ndefu inayojipindapinda, huyo ni wa jamii nyingine. Kwenye kahawa yetu yupo Cryphiomystis aletreuta, nondo wa familia ya Gracillariidae, anayechimba hivyo. Ukitoa funza asiye na kichwa kigumu wala miguu, umepata nzi, si nondo.

Picha zipigwe kwa mpangilio: jani zima juu, jani zima chini, jani likiwa limeinuliwa mbele ya mwanga unaotoka nyuma yake ili kiwavi na kinyesi chake vionekane, halafu mayai kwa karibu pamoja na rula yenye milimita. Hiyo ya mwisho ndiyo atakayoitazama mtaalamu. Nyingine zote zikiwa nzuri na hiyo haipo, atashindwa kukuthibitishia.

Kumfuga ni kazi ndogo ukijua tabia yake. Kidomozi hahami jani, kwa hiyo jani ulilochuma likikauka naye amekufa. Njia iliyo salama ni kuacha jani mtini na kulifunga kwa mfuko wa shela laini. Chandarua cha mbu kina matundu makubwa, na vijinyigu vimelea, vinavyokua ndani ya viwavi na kuwaua, vitapita. Ndani ya mfuko tia majani mawili matatu makavu ya kahawa. Kiwavi aliyekomaa hutoka kwenye baka, hushuka kwa uzi wa hariri, na kwa kawaida huenda kujifungia upande wa chini wa jani kavu lililoanguka, akitengeneza kifukofuko cheupe kilichotandwa nyuzi kwa umbo la herufi H. Asipopata mahali pa kujishikiza huhangaika mpaka afe. Ukilazimika kuchuma, zungushia kikonyo pamba yenye maji, jani moja kwa chombo kimoja, na chagua mabaka yenye viwavi vilivyokaribia kukomaa. Usinyunyizie maji ndani ya chombo: ukungu huua kuliko ukavu. Hatua ya pupa, ndani ya kifukofuko, huchukua kama siku 7 hadi 14. Wakitoka vijinyigu badala ya nondo, usiwatupe. Waweke kwenye alkoholi na uwaandikie namba ileile ya jani, maana nao ni rekodi.

Nondo akitoka mwache saa kadhaa mabawa yakauke, kisha umweke kwenye friza usiku mmoja. Magamba yake hubaki mahali pake kuliko ukitumia alkoholi. Kiwavi mmoja au wawili waweke kwenye ethanoli ya 95% kwa ajili ya DNA. Kipande kinachosomwa cha COI, jeni inayotumika kutambua spishi, kina jozi 658 za besi, na mwili huo mdogo unatosha.

Pale maganda ya mayai hayapo, kilichobaki cha kutambua spishi kwa umbo ni viungo vya uzazi vya nondo. Tumbo hukatwa, huchemshwa taratibu kwenye potasiamu haidroksaidi ya 10% kwa dakika chache tu, kisha husafishwa kwa maji chini ya hadubini. Kwa nondo wa mm 3 ukizidisha muda unayeyusha kilekile unachokitafuta. Kama hujawahi kufanya, usianzie kwa kielelezo chako cha pekee; jifunzie kwa meyricki, wapo tele.

Sasa rekodi yenyewe. Viwianishi viwe na desimali 4, ambazo ni takriban mita 11 ardhini. Ongeza mwinuko, kijiji na wilaya. Andika aina ya kahawa, Coffea arabica au C. canephora, na kivuli ni cha mti gani. Weka tarehe mbili, ya kukuta baka na ya nondo kutoka. Kosa linaloharibu rekodi nyingi za ufugaji ni kuandika tarehe ya kutoka kana kwamba ndiyo ya kuonekana shambani. Taja umekagua mibuni mingapi, na mingapi haikuwa na kitu. Bila hesabu hiyo hakuna atakayejua kama spishi ni adimu au haikutafutwa. Ulizia pia dawa zilizopulizwa msimu huo, kwa sababu sumu zinazoua nyigu hubadilisha wingi wa vidomozi shambani.

Ukiweka kwenye iNaturalist, tovuti ya kurekodi viumbe kwa picha, programu inaweza kukupendekezea L. coffeella. Huyo ni wa kahawa ya bara la Amerika. Majina meyricki na caffeina yote mawili yalichapishwa mwaka 1940, na kabla ya hapo kidomozi mweupe wa kahawa ya Afrika alikuwa akiitwa coffeella. Ukikuta jina hilo kwenye lebo au ripoti ya zamani ya Tanganyika au Kenya, usilihamishie kwa caffeina kwa kukisia. Acha kwenye jenasi mpaka kielelezo kikaguliwe.

Omba ruhusa ya mwenye kihamba kabla hujachuma hata jani. Ukitaka kukusanya ndani ya hifadhi, Tanzania utahitaji kibali kupitia COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), Kenya kupitia NACOSTI (tume ya sayansi) na KWS (shirika la wanyamapori). Kwa kielelezo cha kwanza cha wilaya yako, pima kwanza kama kinaweza kukaa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, kule Lyamungu au Makumbusho ya Taifa Nairobi, kikiwa na jani lake lililokaushwa, mayai yakiwa bado yamenata, na namba moja kwenye jani, nondo na chupa yenye tumbo lililokatwa.