Jibu: Kwa nini oksijeni huvutwa na sumaku, naitrojeni haivutwi?

Ndugu, umeuliza kwa nini oksijeni ya kimiminika hung'ang'ania kati ya ncha za sumaku kali, ilhali naitrojeni ya kimiminika hupita na kumwagika chini. Jibu limo katika elektroni zisizo na jozi.

Kila elektroni ina spini, yaani sifa ya asili inayofanana na kujizungusha, na kwa hiyo ni sumaku ndogo. Zikikaa mbili katika obiti moja (nafasi ya elektroni ndani ya molekuli), spini zao huelekea pande zilizo kinyume na usumaku wao hufutana. Molekuli ya naitrojeni ina elektroni 14, zote zikiwa katika jozi. Ya oksijeni ina 16, na mbili za mwisho hukuta obiti mbili zenye nishati sawa, hivyo kila moja hukaa peke yake, spini zikielekea upande mmoja, na usumaku wao haufutani. Mchoro wa shuleni wa O=O, unaozionyesha elektroni zote zikiwa na jozi, hauwezi kulieleza jambo hili hata kidogo.

Katika kemia, elektroni pweke mara nyingi huipa molekuli pupa ya kuungana: naitrojeni dioksidi, gesi ya kahawia, ikipozwa hujiunga mbili mbili na rangi yake hufifia. Oksijeni ni tofauti, na hapa ndipo penye utamu. Kwa kuwa spini zake mbili zinafanana, haiungani kwa urahisi na molekuli ambazo elektroni zake zote zina jozi. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuni kukaa hewani miaka bila kuwaka, mpaka joto la kiberiti livunje baadhi ya vifungo na kuzalisha elektroni pweke nyingine.