Kabla Hujaipa Shule Tuzo kwa Matokeo ya Mtihani

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kamati ya tuzo za shule, kazi tuliimaliza kwa nusu saa. Tulizipanga shule kwa wastani wa mtihani, tukachukua tatu za juu, tukapiga picha. Mwaka uliofuata ile ya kwanza ilikuwa karibu na mkia. Mwalimu mkuu wake akanipigia simu kuuliza wamekosea wapi. Hawakukosea popote. Tulikosea sisi, tena mwaka ule tuliompa kombe.

Shule yake ilikuwa na watahiniwa 15. Piga hesabu: mtoto mmoja akipanda alama 30, wastani wa watoto 15 unapanda alama 2 nzima. Kwenye shule ya watahiniwa 300, mtoto huyohuyo anausogeza kwa 0.1 tu. Kwa hiyo shule ndogo hurukaruka, leo kileleni, mwakani mkiani, bila mwalimu yeyote kubadili chochote darasani. Unganisha matokeo ya miaka mitatu ndipo utoe tuzo. Watalalamika kwamba mnachelewa. Waache walalamike.

Lililoniuma zaidi lilikuja baadaye. Shule moja ilileta wastani wa kupendeza wa watahiniwa 41, nasi tukawa tunaanza kupiga makofi. Mjumbe mmoja mkimya, mama aliyefundisha hesabu maisha yake yote, akauliza: "Hawa 41 ni kati ya wangapi?" Darasa lilikuwa na watoto 58. Waliobaki, baadhi walikaririshwa darasa, baadhi walishauriwa kuhama, na wachache "waliugua" siku ya mtihani. Tangu hapo fomu yetu inaanza na idadi ya walioandikishwa, wastani unafuata. Si wazo letu peke yetu: sheria ya elimu ya Marekani iliyosainiwa Januari 2002 ilidai angalau asilimia 95 ya wanafunzi wapimwe, kwa sababu hiyohiyo.

Halafu tazama watoto walianzia wapi. Shule inayochuja wanafunzi mlangoni, ikapokea wenye 70 na kuwatoa na 72, haijafanya kazi kubwa kuliko ile iliyopokea wenye 38 ikawafikisha 55. Ukiwa na alama za watoto walewale walipoingia na walipotoka, tumia tofauti yake. Usipokuwa nazo, shindanisha shule zinazofanana. Chile wanafanya hivyo tangu 1996 katika mpango wao wa kuwazawadia walimu wa shule zinazofanya vizuri: shule hugawanywa kwanza katika makundi kulingana na mazingira na hali za familia, kisha kila moja hupimwa ndani ya kundi lake.

Kuhusu ukubwa wa zawadi, mimi ni mtu wa cheti na kombe, na pengine vitabu. Pesa ikiingia kwenye mishahara, mtihani wenyewe huanza kuoza. Atlanta, Marekani, bonasi zilifungamanishwa na malengo ya alama, na uchunguzi wa jimbo wa 2011 ukawataja waelimishaji 178 katika shule 44 kwa udanganyifu. Baadhi yao walikuwa wakifuta majibu ya watoto na kuandika yaliyo sahihi.

Ongezeeni na ziara ya siku moja kwa kila shule iliyobaki kwenye mchujo wa mwisho wa tuzo. Jedwali halitakuonyesha darasa ambalo somo lisilotahiniwa halijafundishwa tangu muhula uanze. Mimi nimeliona.

Na kanuni zote ziandikwe na kusainiwa kabla bahasha ya matokeo haijafunguliwa. Mwaka mmoja tuliamua kuzirekebisha matokeo yakiwa tayari mezani, na ghafla kila mjumbe alikuwa na kanuni mpya, nzuri kabisa, ambayo kwa bahati iliipandisha shule anakosoma mwanawe.